Mtu wa Sitini na Tatu

"Rudisha namba ya watu kama ilivyokuwa."

"Siirudishi, Pak. Watu wa meli hii ni sitini na wawili. Nimewahesabu kwa majina, nikawahesabu kwa vitanda, na jana nimewahesabu kwa viatu."

"Nani kakutuma uhesabu viatu?"

"Kamanda ametaka historia ya meli, na ametaka kila namba iwe ya kweli. Sasa wewe unataka niandike mtu ambaye hayupo."

Mzee Mathari, ambaye melini wote walimwita Pak, yaani baba, kwa heshima, alizitazama zile namba. Yeye ndiye alikuwa serahangi wa meli ya Teluk Wangkal, mkubwa wa kamba, minyororo na ile milango miwili mizito ya mdomoni mwa meli, na kwa miaka ishirini na sita hakuna mkono mwingine uliowahi kuifungua. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha karani, sigara ya karafuu ikijiunguza yenyewe kati ya vidole vyake.

"Hayupo," akasema mwishowe. "Haya. Wewe ndiye msomi, mimi niliishia darasa la nne. Lakini umemtoa mtu melini, Dar, na hujamwonyesha pa kwenda."

Akaondoka, na harufu ya karafuu ikabaki. Chini yake Sajini Darsono alinusa kitu kingine, kama udongo uliolowa na mianzi iliyoozea majini. Akadhani ni bandari ya Surabaya inanuka kama siku zote. Akafunga dirisha, akaendelea kuandika.

Darsono alikuwa na miezi minne tu melini, na alikuwa na sababu yake ya kuandika vizuri. Zilikuwa zimebaki siku kumi meli istaafishwe. Bendera ingeshushwa, historia ingesomwa mbele ya wakubwa, kisha meli ingevutwa mpaka bahari kuu na kuzamishwa kwa mizinga katika mazoezi. Mabaharia wangetawanywa kila mtu kwake. Kamanda alikuwa amemwahidi kwamba historia ikitoka safi, atamwandikia barua ya kuhamia ofisi ya bohari, nchi kavu, dakika kumi kwa baiskeli kutoka nyumbani kwake. Darsono alikuwa ameoa miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa, siku alizolala nyumbani zingeweza kuhesabiwa na mtoto. Binti yake Ratri alikuwa na miaka mitano na bado alijificha nyuma ya mama yake kila baba aliporudi safari. Mkewe Wuryani hakulalamika. Alimpikia tu, kwa ule mkono wake wa chumvi nyingi ambao majirani walimtania nao, na Darsono akila kwingine kokote aliona chakula kimepooza. Kitu pekee alichotaka duniani ni kurudi kwenye nyumba ile na asiondoke tena.

Ndiyo maana alisoma madaftari yote ya zamani. Meli ilijengwa Amerika wakati wa vita kuu vya pili, kwa majuma kumi na moja, haraka haraka kama kibanda cha sokoni. Ilibeba vifaru, ikapanda ufukweni kwa mdomo wake, ikafungua milango na kuvitapika mchangani. Vita vilipokwisha ikauzwa, ikapewa jina jipya. Ikabeba askari, saruji, nyati, masanduku ya kura, mchele wa wenye njaa. Na mwaka 1974 ikabeba watu wa kijiji kimoja cha milimani, ambacho serikali ilikuwa inakizamisha ili kujenga bwawa, ikawapeleka kisiwa cha Sulawesi kuanza maisha upya.

Tangu safari ile, kila karatasi ya gwaride ilikuwa na kosa moja. Majina yalikuwa hamsini na tisa, jumla imeandikwa sitini. Majina sitini na wawili, jumla sitini na watatu. Makarani sita walipokezana kosa lile na hakuna aliyelisahihisha. Jikoni nako ilikuwa vile vile. Kila adhuhuri mpishi Misdi alitenga sahani moja zaidi, wali, samaki na mchuzi usiotiwa chumvi hata punje, ikapelekwa kwenye ghala la vifaru na kuwekwa mbele ya milango ya mdomoni. Jioni sahani ilirudi tupu.

Darsono aliona ni ujanja wa mtu fulani wa zamani aliyekuwa anakula posho ya hewa, na waliofuata wakarithi uvivu. Akakata namba zote kwa wino mwekundu. Akamwandikia Misdi barua kwamba sahani ya ziada imefutwa.

Misdi aliisoma mara mbili, akacheka. "Haya bwana, leo mgeni kafukuzwa kwa karatasi." Kisha kicheko kikamkatika, akatazama sufuria zake kama mtu aliyesahau alikuwa anapika nini.

Mchana ule ule Darsono alikwenda kula akakuta sahani zimekwisha. Misdi aliapa alitenga sitini na mbili, na watu wote walikuwa wanakula, na hakuna aliyechukua mbili. Wakahesabu pamoja. Sahani sitini na mbili, walaji sitini na wawili. Misdi akaona haya, akamkwangulia chini ya sufuria na kumkatia samaki wa mwisho. Darsono akatia tonge mdomoni. Samaki hakuwa na chumvi.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na gwaride kwenye sitaha. Jua lilikuwa limeshapanda na chuma kimeanza kuchoma. Desturi ni kila mtu apige namba yake kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari alisimama karani. Namba zikaja zikimkimbilia. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja. Darsono akavuta pumzi aseme ya mwisho, na kijana aliyesimama kushoto kwake, fundi wa redio, akaisema yeye kwanza.

"Sitini na mbili."

Darsono akamgeukia. Afisa wa zamu hakumsubiri. Aliandika sitini na wawili, wote wapo, akafunga daftari. Darsono akautazama mstari mzima, uso kwa uso, kutoka kwake mpaka kwa Pak Mathari aliyesimama mwanzo. Alimjua kila mmoja. Alijua majina yao, vitanda vyao, saizi za viatu vyao. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Akawahesabu kwa kidole, wakatimia sitini na wawili, na yeye hajajihesabu.

Ile harufu ya udongo ilikuwa imetanda sitaha nzima, jua kali, na hakuna aliyekunja pua ila yeye.

Siku zilizofuata kamanda alizuia ruhusa za kwenda nyumbani mpaka sherehe ipite, kwa hiyo Darsono hakuwa na pa kukimbilia. Mambo yalikuja madogo madogo. Alisalimia watu wakaitikia wakiwa wameshampita. Fulana yake ilianikwa ikaanuliwa na mtu, na fundi wa redio akasema kwa uhakika kabisa, lakini si uliichukua mwenyewe sasa hivi, mbona tulicheka pamoja. Kitandani kwake alikuta godoro limebonyea umbo la mtu, na limelowa, na kwenye sakafu ya chuma nyayo za miguu mitupu zenye maji zikitoka pale kuelekea mlangoni. Kwenye meli ya kivita hakuna mtu anayetembea miguu mitupu.

Siku ya sita alimfuata Pak Mathari, aliyekuwa anapaka mnyororo grisi, akamwambia yote. Ilibidi amwite mara tatu. Mzee aliinua kichwa, akakunja macho kama anayetazama juani.

"Ah, Dar. Keti karibu, nisikupoteze."

Akamsimulia kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea na grisi. Watu wa kile kijiji walipopanda melini mwaka ule walikuwa mia mbili na kumi na wawili, yeye mwenyewe aliwahesabu. Walipoteremka Sulawesi, akawahesabu wakipita mlangoni, mia mbili na kumi na watatu. Yule wa mwisho alisimama kwenye ubao wa kushukia. Nyumba za wahamiaji zilikuwa zimeshajengwa ufukweni, kila moja na namba ya familia mlangoni, na yake haikuwepo. Akazitazama moja moja. Kisha akageuka, akarudi ndani gizani, na alipompita Mathari alinuka udongo na mianzi. Jini wa kijiji chao. Bwawa lilipozamisha mlima aliokuwa akikaa, alifuata watu aliowazoea, naye hakuandikiwa pa kukaa.

"Kamanda wa wakati ule alikuwa mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi," alisema mzee. "Alituambia, mwandikeni. Mpeni namba yake na sahani yake, akae na meli. Mkimnyima namba yake, atatafuta ya mwingine. Na tukamwandika. Hakuwahi kumgusa mtu. Mimi nilikuwa nafurahi, nasema meli itazamishwa, naye atashuka nayo, ataipata nyumba yake chini ya maji kama kijiji chake. Zilibaki siku kumi tu, Dar. Siku kumi."

Darsono aliuliza afanye nini. Mzee akamwambia mambo mawili, akayarudia ayashike. Apeleke sahani mwenyewe, adhuhuri, aiweke mlangoni, amkaribishe kwa namba yake. Na namba hiyo airudishe kwa mkono wake mwenyewe kwenye ile historia, kabla haijasomwa. Ikishasomwa mbele ya watu na bendera ikashuka, hesabu imefungwa. Atakayekuwa nje ya hesabu siku hiyo atabaki nje.

Tatizo ni kwamba historia ilikuwa imeshafika kwa kamanda. Kuirudisha namba maana yake ni kusimama mbele yake na kusema, nilichokuandikia kuwa kweli nataka kukiandika uongo, kwa sababu ya jini. Darsono aliifikiria ile barua ya bohari. Akajiambia aanze na sahani, huenda itatosha.

Siku ya nane, saa sita na nusu mchana, akashuka.

Ghala la vifaru lilikuwa refu kama uwanja wa mpira, limefungwa pande zote, na jua la saa sita halikuwa na ruhusa humo. Juu kulikuwa na taa tatu, mbili zimekufa. Alitembea na sahani mikononi, akasikia viatu vyake vikigonga chuma, kisha akasikia kwamba kati ya kila kishindo cha kiatu kulikuwa na sauti nyingine, laini, chapu, chapu, ya unyayo uliolowa, na haikuwa nyuma yake wala mbele yake bali pale pale alipokuwa, kana kwamba watu wawili wanatumia miguu ile ile kwa zamu. Akajilazimisha asisimame. Kila alivyokaribia milango ya mdomoni ndivyo harufu ilivyozidi kuwa nzito, udongo wa mtoni, mianzi, majani yaliyolala majini miaka mingi, mpaka akahisi anaimeza badala ya kuivuta, na ubaridi ukawa unapanda kutoka kwenye sakafu ukimpitia magotini na tumboni, na alipoinama kuiweka sahani chini aliona ukutani kivuli chake kinachelewa, kinainama baada yake, taratibu, kama mtu anayejifunza jinsi ya kuinama.

Akasema alivyoambiwa. Kaa, namba yako ni sitini na tatu, meli hii ni yako.

Maji yalidondoka mahali fulani. Kisha kutoka kwenye giza la milango, karibu sana, sauti ikamjibu, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya upole, sauti anayoitumia akiongea na Ratri.

"Imeandikwa?"

Darsono akaisukuma sahani kuelekea gizani. Akasema itaandikwa.

"Imeandikwa?"

Hakukumbuka alivyopanda ngazi. Alijikuta juani, na miguu ikampeleka moja kwa moja mpaka kwa kamanda. Akabisha, akabisha tena, akaingia. Kamanda alikuwa anaisoma ile historia. Akainua uso akatabasamu, akasema katika miaka yake yote baharini hajaona kazi safi kama hii, hata lile kosa la kizamani la hesabu limeondoka. Juu ya meza kulikuwa na barua. Darsono aliisoma ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Bohari. Jina lake. Na kamanda ameshatia saini.

Maneno yalimjaa mdomoni. Angeweza kuyasema. Alimwona Wuryani amesimama jikoni, akaliona jua la jioni kwenye ua wa nyumba yake, na akaona jinsi kamanda atakavyomtazama, na jinsi karatasi ile itakavyochanwa.

"Asante, Kamanda," akasema, akatoka.

Jioni akamwomba Misdi akaiangalie sahani. Misdi alirudi nayo imejaa. Samaki hakuguswa. Misdi aliiweka mezani, akatazama huku na huku jikoni, na Darsono aliyesimama hatua mbili kutoka kwake akamsikia akijisemea, "Sasa nani kanituma?"

Siku ya sherehe palikuwa na bendi, viti vyeupe na wakubwa wenye nishani. Darsono alikuwa amepiga pasi sare yake mwenyewe na kupaka viatu rangi mpaka vikang'aa. Alisimama mwisho wa mstari. Walipohesabu, hakuna aliyeigeukia zamu yake. Kamanda akasema kwamba sasa karani wa meli atasoma historia ya utumishi wa Teluk Wangkal, na Darsono akainua mguu atoke mstarini, na mtu mwingine akatoka.

Alitokea katikati ya mstari, akapita mbele yake. Darsono aliona kisogo. Alikiona kile kikovu cha jipu chini ya nywele ambacho maisha yake yote alikigusa kwa vidole tu. Aliona kola imenyooshwa vizuri. Yule mtu akafika kwenye kipaza sauti, akafungua kurasa, akasoma kwa sauti safi isiyo na haraka, mwaka wa kuundwa, vita, jina jipya, saruji, nyati, kijiji cha milimani, na watu waliotumika mpaka siku ya mwisho, sitini na wawili. Nyuma yake, kwenye sitaha iliyooshwa na kukauka, nyayo zilikuwa zimelala moja moja, zinang'aa kwa maji.

Darsono akapiga kelele. Akamshika fundi wa redio bega, kijana akajikuna pale tu. Akakimbia mbele ya wakubwa, akapunga mikono, na mwanamke mmoja aliyevaa kilemba cha hariri akafunika pua kwa kitambaa, akamnong'oneza mumewe kuhusu harufu ya bandari.

Ni Pak Mathari peke yake aliyegeuza kichwa. Hakumtazama usoni. Alitazama kando yake kidogo, kama alivyokuwa akitazama miaka ile yote alipoweka sahani mlangoni, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kimbia nyumbani, mwanangu," akasema kwa midomo tu. "Ufike kabla yake."

Bendera ilikuwa imeanza kushuka. Kamanda alikuwa anamkabidhi yule mtu barua.

Darsono akakimbia. Akapita lango la kituo na mlinzi hakumuuliza kitambulisho. Akapita sokoni, wauza chai, wanafunzi wanarudi, baiskeli za magurudumu matatu zikija zikimwelekea bila kukwepa mpaka arukie kando mwenyewe. Kifua kilimwaka. Njia nzima alikuwa akijisemea jina la mkewe na jina la mtoto ili asiyapoteze. Alipokata kona ya mtaa wao, jua la alasiri lilikuwa limelala kwenye ua vile vile alivyoliota, na nguo ndogo za Ratri zimeanikwa, na mlango umefungwa.

Kwenye ngazi, mahali wanapovua viatu, hapakuwa na viatu. Palikuwa na nyayo zenye maji, zimeingia ndani. Hazikutoka.

Ndani alimsikia Ratri anacheka. Hakuwahi kumsikia akicheka vile mbele yake.

Akabisha. Akabisha kwa ngumi zote mbili, akaita, na alipoinama kuchungulia chini ya mlango akaiona miguu yake mwenyewe. Viatu vilivyong'aa havikuwepo. Miguu ilikuwa mitupu, imelowa, na matope meusi ya mtoni yalikuwa yametulia kati ya vidole.

Mlango ukafunguka. Wuryani alisimama na mwiko mkononi. Alivuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja, akakunja macho kama anayetazama juani. Kisha uso wake ukalainika, kwa huruma, kama alivyokuwa siku zote kwa watu wasio na kwao.

"Kama ni mambo ya meli, Pak, mume wangu keshafika, yuko ndani anakula na mtoto, na sijui kapatwa na nini leo, hataki chumvi hata punje. Wewe keti hapo hapo mlangoni, nikutolee sahani."